Mahali Mto Thames Unapokutana na Bahari: Malango ya Maji ya Teddington

Watu wengi wa kwetu wapatapo nafasi ya kufika London huenda kuitazama saa kubwa ya Westminster na daraja la Tower Bridge, kisha hurudi nyumbani wakasema kwamba wameuona Mto Thames. Kweli wameuona, lakini nusu tu. Maji yapitayo chini ya madaraja ya London si ya mto peke yake. Ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, nayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku kama yanavyofanya pwani ya Mombasa. Wakati wa bamvua hupanda futi 20 na zaidi, na yakishuka huacha matope meusi pande zote mbili. Mtu atakaye kuuona mto wenyewe, yaani maji matamu yatokayo mashambani, hana budi kwenda juu hata mahali paitwapo Teddington, ambapo ni kama maili 20 kutoka London Bridge ukifuata mkondo. Hapo ndipo bahari huambiwa, “Mwisho wako ni hapa.”

Mimi nilifika huko asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba. Nilipanda gari la moshi katika stesheni ya Waterloo, na muda usiotimia saa moja nikashuka Teddington, mji mdogo wenye nyumba za matofali mekundu na miti mingi. Nikateremka kwa miguu kuelekea mtoni. Kabla sijayaona maji niliyasikia. Ulikuwa uvumi mzito usiokatika, kama mvua kubwa ipigapo mabati, nami nilijua kwamba nimekaribia kizuizi cha mto.

Mtu husimama juu ya daraja la miguu lililojengwa kati ya mwaka 1887 na 1889, akaona kila kitu kwa pamoja. Mkono mmoja ni kizuizi chenyewe, ukuta mrefu uliokata mto kutoka ukingo hadi kisiwani, wenye malango ya chuma yanayoinuliwa na kushushwa. Maji ya juu yametulia kama kioo, na mabata huogelea bila haraka. Maji ya chini yanachafuka na kutoa povu jeupe. Mkono wa pili ni vyumba vitatu vya kupitishia vyombo, ambavyo Waingereza huviita loki. Kimoja ni kidogo mno, upana wake haufiki futi 6, nacho kilijengwa kwa ajili ya vimashua vya kupiga makasia. Kwa wembamba wake watu walikipa jina la utani, wakakiita jeneza. Cha pili ni cha motaboti, urefu wake futi 178. Cha tatu, kilichofunguliwa mwaka 1904, kina urefu wa futi 650, kwa kuwa siku zile tishali nyingi zilikokotwa kwa pamoja na meli moja ndogo ya moshi, na ilitakiwa zote ziingie kwa mara moja.

Yafaa nieleze jinsi chumba hiki kinavyofanya kazi, maana ni jambo rahisi kuliko watu wanavyodhani, tena halihitaji pampu wala moto. Fikiri chumba kirefu cha mawe kisicho na dari, kilichojengwa kando ya kizuizi, chenye malango mawili, moja upande wa juu wa mto na moja upande wa chini. Mashua itokayo chini huikuta milango ya chini imefunguliwa, na maji ya chumbani yamelingana na maji ya chini. Huingia, na milango hufungwa nyuma yake. Kisha mlinzi hufungua vijilango vidogo vilivyo chini ya maji katika lango la juu, na maji ya juu huingia chumbani polepole kwa uzito wake mwenyewe. Mashua huinuka pamoja na maji, kama kipande cha gome katika ndoo inayojazwa. Maji ya chumbani yakisha kulingana na ya juu, lango la juu hufunguka bila nguvu nyingi, na mashua huendelea na safari. Ikiwa yatoka juu kwenda chini, mambo hayo hufanywa kwa kinyume. Pale Teddington, maji ya baharini yanapokupwa, mashua hupandishwa karibu futi 9, urefu wa mtu mrefu aliyeinua mikono.

Nilitazama malango yenyewe. Hayakufungwa sawasawa kama mlango wa nyumba. Mbao zake mbili hukutana katikati kwa pembe, na ncha ya pembe hiyo huelekea juu ya mto. Maana yake ni kwamba maji ya juu yanavyozidi kusukuma, ndivyo milango inavyozidi kubana. Adui mwenyewe ndiye aliyefanywa askari wa zamu. Ufundi huo hunasibishwa na Leonardo da Vinci, aliyefanya kazi katika mifereji ya Milan karibu na mwisho wa karne ya 15. Lakini chumba chenye malango mawili ni cha kale zaidi. Mwaka 984 mtumishi mmoja wa serikali ya China, Qiao Weiyue, alijenga cha namna hiyo katika Mfereji Mkuu wa nchi ile. Kabla ya hapo mashua za nafaka ya kodi zilivutwa kwa kamba juu ya mteremko wa udongo, nazo zilivunjika mara nyingi, na wezi wakajinufaisha kwa shehena iliyomwagika. Basi jambo hili lilizaliwa kwa sababu ya wizi wa nafaka, na mkulima yeyote aweza kulielewa.

Nami nilipokuwa nimesimama pale darajani, moyo wangu ulirudi nyumbani. Nilikulia katika miteremko ya Mlima Kenya, kando ya mfereji mmoja uliogawa maji kwa mashamba mengi. Mwaka mmoja wa kiangazi maji yalikoma kufika kwetu. Marehemu baba alichukua taa usiku akaufuata mfereji kwenda juu, na mimi nyuma yake nimebeba jembe. Tulikuta vigogo vya migomba vimelazwa vikaziba mfereji wote, na maji yote yakamwagika katika shamba la jirani. Baba hakuviondoa. Alirudi nyumbani, na kulipopambazuka akaenda kwa wazee. Wazee walikaa siku mbili, wakamtoza jirani yule mbuzi, wakagawa maji kwa zamu za siku, na kila mtu akaijua siku yake. Nilimwuliza baba kwa nini hakuling’oa boma lile usiku uleule. Akanijibu, “Mwanangu, ningaling’oa, kesho angalijenga lingine, na kesho kutwa tungalipigana kwa mapanga.”

Habari za Mto Thames ni habari hiyohiyo, ila imechukua miaka mia nyingi. Zamani wenye vinu vya kusaga ngano walijenga vizuizi mtoni ili maji yapande na kuzungusha magurudumu yao. Wavuvi nao walijenga vyao vya miti ili kunasa samaki. Wenye mashua wakakuta njia imefungwa. Ugomvi huo ulikuwa mkubwa hata ukaingia katika hati mashuhuri ya Magna Carta ya mwaka 1215, ambayo iliamuru vizuizi vya samaki viondolewe katika Mto Thames, na Mto Medway, na mito yote ya Uingereza, isipokuwa pwani. Amri iliandikwa, lakini vizuizi havikwisha, kwa sababu unga ulihitajika sawasawa na njia.

Ndipo wakapatana kwa njia mbaya. Katika kizuizi waliacha nafasi iliyozibwa kwa mbao na nguzo zinazoweza kung’olewa. Mashua ikitaka kushuka, mbao ziling’olewa, maji yakaporomoka, na mashua ikaporomoka pamoja nayo. Ikitaka kupanda, ilivutwa kwa kamba na watu au farasi dhidi ya mkondo huo mkali. Vyombo vilipinduka na watu wakafa maji. Tena kila mara kizuizi kilipofunguliwa maji ya juu yalipungua, kinu kikasimama, na mwenye kinu akadai malipo au akakataa kufungua kabisa. Mwenye tishali aliweza kukaa juu ya mchanga siku nyingi akingoja huruma ya mtu mmoja.

Chumba chenye malango mawili ndicho kilichoumaliza ugomvi huo, kwa kuwa hutumia maji ya chumba kimoja tu, wala hakiufungui mto wote. Vya kwanza katika Mto Thames vilijengwa karibu na Oxford katika miaka ya 1630, kule Iffley na Sandford na mahali pa tatu karibu na Abingdon. Baadaye, kuanzia mwaka 1772, vikaongezwa vingi katika sehemu za kati. Leo, mtu akisafiri kutoka Teddington mpaka Lechlade, ambako mto huanza kufaa kwa vyombo, atapita vyumba 44. Ni kama ngazi ya maji yenye vidato 44.

Teddington ilichelewa. Sehemu hiyo ya mto ilikuwa chini ya Jiji la London, ambalo lilipata mamlaka ya mto kutoka kwa Mfalme Richard wa Kwanza mwaka 1197. Ruhusa ya sheria ilipatikana mwaka 1810, na chumba cha kwanza, kilichojengwa kwa mbao, kikafunguliwa mwaka 1811. Usidhani kwamba watu walishangilia. Wavuvi waliona njia ya samaki imekatwa, na mabaharia wa tishali waliona mahali pengine pa kulipia ushuru. Mlinzi alitishwa na kushambuliwa hata akaruhusiwa kukaa na bunduki fupi yenye mdomo mpana, na singe mbele yake. Barafu ya masika ya baridi nayo ilikiharibu kizuizi zaidi ya mara moja. Chumba hicho cha mbao kilichakaa, kikajengwa upya kwa mawe katika mwaka 1857 na 1858.

Lakini kabla ya kujengwa upya, kizuizi hicho kilikuwa kimekwisha kupata kazi nyingine ambayo wajenzi wake hawakuiwaza. Katika karne ya 19 London ilikua upesi, na taka za mji wote zilimwagwa mtoni. Mto haukuzichukua moja kwa moja mpaka baharini, maana maji yalipojaa yalizirudisha juu tena. Na makampuni yaliyouza maji ya kunywa yaliyachota katika mto uleule. Kipindupindu kilipoingia, watu walikufa kwa maelfu.

Daktari mmoja, John Snow, alisadiki kwamba ugonjwa huo hutoka katika maji, wakati wataalamu wengi walisema hutoka katika hewa mbaya. Mwaka 1854 alipata ushahidi. Katika mitaa ya kusini ya London makampuni mawili yaliuza maji katika barabara zilezile, hata nyumba mbili jirani ziliweza kuwa na maji tofauti. Kampuni moja ilichota maji yake Battersea, mahali penye kujaa na kupwa, kati ya taka za mji. Kampuni ya pili, iliyoitwa Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuchotea mwaka 1852 ikaenda Thames Ditton, juu ya kizuizi cha Teddington, ambako maji ya mji hayafiki. Daktari Snow alienda nyumba kwa nyumba akiuliza. Alipohesabu vifo vya majuma saba ya kwanza, aliona kwamba katika kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya Battersea walikufa watu 315, na katika kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya juu ya Teddington walikufa 37.

Msomaji na azitazame hesabu hizo mbili kwa makini. Watu ni wale wale, mitaa ni ile ile, hewa ni ile ile. Kilichowatenga ni ukuta wa mbao na mawe uliojengwa kwa ajili ya kupitisha tishali. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria mwaka 1852 kwamba maji ya nyumbani yasichotwe tena chini ya Teddington, na sheria hiyo ilianza kushika mwezi wa Agosti mwaka 1855. Hata leo sehemu kubwa ya maji ya London hutoka katika mto juu ya mahali hapo.

Kuna fundisho jingine maili tatu chini yake, mahali paitwapo Richmond, nami nilikwenda huko alasiri kwa miguu nikifuata ukingo. Daraja la kale la London, lililokamilika mwaka 1209, lilikuwa na nguzo nene sana na nafasi nyembamba, hata likawa lenyewe kama kizuizi. Maji ya bahari yalipokupwa, daraja liliyachelewesha yasishuke upesi. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1831, lile la zamani likavunjwa. Watu wa London walifurahi, vyombo vyao vikapita bila hatari. Lakini maji ya juu yaliporomoka kwenda baharini pasipo wa kuyazuia, na huko Richmond na Twickenham, mwendo wa saa nyingi kutoka London, mto ukawa mfereji mwembamba kati ya matope kila maji yalipokupwa. Mtu alivunja daraja mahali, na jirani asiyemjua akakosa mto mahali pengine.

Watu wa Richmond walilalamika miaka mingi, na mwishowe wakapata dawa. Mwaka 1894 ulifunguliwa uzio wa pekee. Una malango matatu makubwa ya chuma, kila moja likiwa na upana wa futi 66 na uzito wa tani 32, nayo yananing’inia chini ya daraja la miguu. Maji ya bahari yakijaa, malango huinuliwa kwa muda wa saa mbili kabla ya kujaa na saa mbili baadaye, na vyombo hupita chini yake bila kizuizi. Muda uliobaki hushushwa, nayo huyaweka maji ya juu yasishuke kupita nusu ya kina. Anayetaka kupita wakati huo hutumia chumba kilicho kando. Siku hizo za kwanza aliyevuka kwa miguu alilipa senti moja ya Kiingereza, na vibanda vya watoza ushuru bado vimesimama.

Teddington imeona pia mambo ya vita. Mwishoni mwa Mei mwaka 1940, askari wa Uingereza na Ufaransa walipozingirwa huko Dunkirk, motaboti na mashua za matembezi zaidi ya mia zilikusanywa Teddington kutoka Thames ya juu. Zilitayarishwa katika karakana ya akina Tough, kisha zikashuka kuelekea baharini. Nyingi hazikuwa zimewahi kuonja maji ya chumvi. Ng’ambo ya bahari zilisaidia kuwachukua askari waliosimama ndani ya maji.

Nilimkuta mlinzi wa malango akitoka katika ofisi yake ndogo, mzee wa makamo mwenye koti la mvua. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwambia nimetoka Kenya. Akaniuliza, “Kwenu kuna mito mikubwa, bwana?” Nikamjibu kwamba ipo, na kwamba Mto Tana waupita Thames kwa urefu karibu mara tatu, ila hauna ngazi kama hii. Kisha nikamwuliza ni nani bwana wa maji haya, yeye au wenye mashua. Alicheka.

“Hakuna bwana,” akasema. “Mwenzangu wa Molesey hunipa maji, nami humpa wa Richmond. Nikifunga mno, bustani za watu wa juu zinalowa. Nikifungua mno, wa chini wanalowa. Kazi yangu ni kupokea na kupitisha.”

Akanionyesha mahali ambapo kina cha maji husomwa. Maji yapitayo Teddington yamepimwa tangu mwaka 1883, nayo ni moja ya hesabu za mto zilizo ndefu sana katika Uingereza. Ndani yake yamo mafuriko makubwa ya Novemba 1894, ambayo hayajapata kupitwa tangu kupimwa kuanze, na pia ukame wa mwaka 1976, maji yaliyopita juu ya kizuizi yalipokuwa karibu kukoma kabisa. Serikali haiwezi kugawa kitu isichokipima, wala wazee wa mfereji hawawezi.

Kabla ya kuondoka nilishuka ukingoni zaidi ya yadi mia mbili chini ya malango, nikakuta nguzo ndogo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 1909. Ndiyo mpaka. Juu yake mto hutunzwa na idara ya serikali ya mazingira, chini yake hutunzwa na mamlaka ya bandari ya London. Watu wengi hupita na mbwa wao bila kuitazama.

Niliketi karibu na nguzo ile mpaka maji ya bahari yalipoanza kupanda. Yalikuja kimya, yakainua majani makavu yakayarudisha juu, yakafika penye kizuizi, yakasimama. Nikamkumbuka baba na taa yake. Wazee wetu husema, aliye juu mngoje chini, nao husema hivyo kwa kumwonya mwenye kiburi. Lakini katika maji, mtu hawezi kungoja tu. Aliye juu akinywa na kuchafua, aliye chini huzika. Ndiyo maana watu wa mto huu waligombana, wakatunga sheria, wakajenga, wakapima, wakamweka mtu wa kukesha. Na sisi wenye mifereji midogo hatuna njia fupi zaidi ya hiyo. Tuijue siku yetu ya zamu, na siku ya jirani tumwachie maji yake yapite, yakiwa safi kama tulivyoyapokea.